Miaka 17 napeleka wageni Marafa, juzi ndipo nikashuka bondeni

BabaZuena

Assalaam aleykum wanabaraza, na wale wa "mudzalamukadze", salamu ya Kigiriama, nao nawasalimu.

Leo nina la kukiri. Mimi ni dereva, baadhi yenu humu mmeshapanda gari langu, Probox jeupe lenye mlango mmoja wa rangi nyingine. Tangu nianze kazi hii nimepeleka watu Marafa, kwenye lile bonde la watalii, mara zisizo na hesabu: Waitaliano, Wajerumani, maharusi wa bara waliokuja fungate. Na kila safari mwendo ni ule ule. Nawafikisha, nawakabidhi kwa kijana wa kuwatembeza, mimi narudi chini ya mwembe, nalaza kiti, nalala. Wakitokea huko wekundu mpaka kope nawauliza "bello?", wananijibu "bellissimo!", twarudi mjini. Miaka 17 hiyo.

Sasa binti yangu Zuena, yuko gredi ya saba, kaletewa kazi na mwalimu wake: aeleze mahali pamoja katika kaunti ya Kilifi. Akaja na daftari. "Baba, wewe kila siku uko Marafa. Kule chini kukoje?" Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikamwambia kuna mawe. Akaandika "kuna mawe", akainua kalamu, akangoja. Wallahi niliona haya.

Basi Jumamosi nikakataa kazi ya mteja, nikampakia Zuena na chupa tano za maji, saa saba na nusu mchana tukatoka Malindi kama watalii.

Daraja la Sabaki si mbali na mjini, na mimi hulivuka bila kuangalia. Zuena akataka nisimame. Mto ulikuwa mwekundu wa chai ya maziwa, umejaa, na upande wa mdomo wake, unapokutana na bahari, kulikuwa na weupe mwingi wa ndege. Akauliza ni ndege gani. Nikasema labda heroe, labda korongo. Akacheka sana: "Kumbe tumeshafika, korongo ndio hawa." Mtoto ana maneno huyu.

Baada ya daraja tukakata kushoto, tukaacha barabara ya Lamu. Hapo ndipo safari inapoanza kuwa safari. Bahari inabaki mgongoni, ardhi inapanda polepole kuelekea Magarini, mikorosho na miembe pande zote, nyumba za makuti na za udongo, mbuzi barabarani wasiojali honi. Watoto wakiona gari la teksi hupiga kelele kuomba peremende kwa Kitaliano, "Ciao! Caramella!" Zuena na mtandio wake akatoa kichwa dirishani akawaambia, "Mimi mtu wa Malindi, caramella nitoe wapi?" Wakamwitikia "Ciao!" vile vile.

Kisha pancha. Si ajabu njia ile. Ajabu ni kwamba spea yangu nayo haikuwa na upepo, dereva wa miaka 17. Nimelaumu madereva wenzangu kwa jambo hilo hilo humu humu barazani, mkitaka kunicheka chekeni. Kijana wa bodaboda akaichukua spea mapajani, akaenda kuijaza, akarudi baada ya karibu saa nzima. Tulifika Marafa inakaribia saa kumi na robo, nami nimeshanuna, sikujua kwamba ile pancha ndiyo iliyotupa saa nzuri.

Marafa ukiingia huoni kitu. Ni kijiji kama vijiji vingine, maduka, msikiti, watu na baiskeli zao. Hakuna mlima wa kukuambia umekaribia. Unatembea kwenye nyasi, tambarare kabisa, halafu ardhi inakatika. Mbele ya vidole vya miguu yako kuna shimo, na ndani ya shimo kuna mji: minara, kuta, vichochoro, vitu vimesimama kama vichuguu vya mchwa waliojenga kwa hasira. Zuena alinishika mkono. Nami nilimshika zaidi.

Tukalipa kiingilio kwenye kibanda cha wenyeji, tukapewa mtembezaji, tukashuka. Hapa niseme ukweli, nilivaa makubadhi. Msivae makubadhi. Njia ina changarawe laini zinazoteleza kama mtama uliomwagika sakafuni. Zuena na raba zake alikuwa mbele akinisubiri kama mimi ndiye mtoto.

Kule chini upepo unakufa. Joto la mchana mzima limejificha ndani ya kuta na linakutokea usoni, kama ukifunua jiko la mkate. Lakini rangi, jamani. Chini nyeupe ya chokaa, juu yake waridi, kisha manjano ya embe bivu, kisha nyekundu, na nyekundu yenyewe si moja. Nikapapasa ukuta, nikabaki na unga mkononi. Kumbe wala si jiwe! Ni mchanga ulioshikamana tu, umesimama wima kwa rehema ya Mungu. Kijana akatuomba tusipande juu ya minara wala tusichore majina, akatuonyesha majina ya waliokwisha kuchora. Aibu tupu. Kuna mmoja kachora mpaka moyo na mshale.

Jua liliposhuka, kwenye saa kumi na moja na nusu hivi, zile kuta ziliwaka, sina neno jingine. Kivuli kikawa kinapanda kutoka miguuni mwetu, na juu ya kivuli wekundu unazidi. Nikainua macho nikaona kilele cha mti ukingoni, nikakijua. Mwembe wangu. Miaka yote hiyo nimelala hatua arobaini kutoka hapa.

Nimemaliza. Kwa mliokwenda, niambieni, ni mimi peke yangu niliyekuwa kipofu?

Salma_Shela

Si wewe peke yako. Mimi nimezaliwa Malindi, Gede nimepelekwa na shule mara mbili, mnara wa Vasco da Gama nauona kila nikienda pwani, Marafa sijakanyaga. Tunasema ni mambo ya wageni.

Nina swali. Mama yangu ana miaka 70 na magoti hayamruhusu. Anaweza kuona chochote bila kushuka?

BabaZuena

@Salma_Shela anaona sana. Bonde zima linaonekana kutoka juu, na gari linafika karibu. Mpelekee kiti na kanga ya kufunika kichwa, asisogee ukingoni. Ukingo si wa kuaminika.

KijanaNdaraNne

Mzee wa Probox, hapo si ndipo watu huendesha baiskeli katikati ya pundamilia? Niliona video. Na kuna maji moto.

Mwalimu_wa_Ramani

@KijanaNdaraNne unachanganya jehanamu mbili. Unayosema wewe ni Hell's Gate ya Naivasha, hifadhi ya taifa tangu 1984, kilomita za mraba 68 na kitu, ina korongo la Ol Njorowa na mvuke wa Olkaria unaozalisha umeme. Kule ndiko wanakoruhusu baiskeli na miguu katikati ya wanyama. Ya Marafa wageni waliipa jina Hell's Kitchen, lakini si hifadhi ya taifa, ni ya wenyeji na wao ndio wanaotembeza watu. Pundamilia hakuna. Mbuzi wapo.

Mimi sijui wazungu wana nini na jehanamu. Wakiona shimo lenye joto tu, washalipa jina.

Sasa BabaZuena, umesema "rehema ya Mungu" na sikatai, ila nikupe na ya darasani kidogo umpe Zuena. Ule mchanga ulilazwa pale zamani sana, wanajiolojia wanauweka katika zama za Pliosini, maana yake baina ya miaka milioni 5.3 na milioni 2.6 nyuma. Tabaka juu ya tabaka. Baadaye mvua ikapata upenyo. Haukuhitajika mto mkubwa. Maji ya mvua yakishapata ufa kwenye ngozi ngumu ya juu, yanaingia kwenye mchanga laini na kuula kutoka chini, ufa unakuwa mfereji, mfereji unakuwa bonde. Penye tabaka gumu kidogo, hilo tabaka linakuwa kofia, na mchanga ulio chini yake unasalia umesimama. Ndiyo minara yako hiyo. Kofia ikianguka, mnara hauchukui muda.

Rangi ni chuma. Chuma kikikutana na hewa na maji kinashika kutu, kama mlango wa Probox yako. Palipo na kutu nyingi pamekuwa pekundu, palipo na kidogo manjano, palipooshwa pakabaki peupe.

Na kazi haijaisha. Kila masika na kila vuli bonde linachukua kipande. Nimepeleka wanafunzi mara kadhaa, na kuna mahali pa kupigia picha nilipopajua ambapo leo ni hewa.

Kadzo_wa_Nyari

Nimesoma kimya mpaka hapa, sasa niseme kidogo maana ni kwetu.

Jina ni Nyari. Palipovunjika penyewe. Hell's Kitchen tumeikuta kwenye vibao. Ukija ukaniuliza jiko la jehanamu liko wapi nitakuelekeza kwa mama muuza mahamri, moshi wake ukikuingia utatubu.

BabaZuena hukusema mtembezaji alikuhadithia nini. Nina hakika ni ile ya maziwa.

BabaZuena

@Kadzo_wa_Nyari ni ile ile. Kwamba palikuwa na familia tajiri yenye ng'ombe wengi mpaka wakawa wanaoga maziwa badala ya maji, Mungu akachukia israfu yao, akawadidimiza na boma lao. Nyeupe ni maziwa na nyekundu ni damu. Zuena aliipenda sana, ila akauliza manjano ni nini. Kijana akasema ni siagi. Nadhani aliitunga papo hapo.

Kadzo_wa_Nyari

Hahaha, siagi! Nitamtafuta huyo.

Hiyo ya maziwa ni ya kweli katika hadithi, wazee wanaisimulia. Lakini hawe wangu, mama yake baba, hakuwahi kunisimulia hiyo. Yake ilikuwa ya kikongwe. Mulungu aliwaonya watu wa kijiji kwamba patatokea muujiza, wahame. Wote wakahama ila bibi mmoja, akasema mimi siendi popote, nimezeeka hapa. Usiku ardhi ikazama na kijiji chote pamoja naye. Nilipokuwa mdogo nilidhani hadithi inamsema vibaya yule bibi. Nilipomsikia hawe akiisimulia tena nikiwa mkubwa, ameshakataa mara tatu kuhamia kwa baba Malindi, nikagundua sauti yake inabadilika anapofika pale "mimi siendi popote". Anaisema kwa majivuno.

Ametutoka mwaka juzi. Nyumbani kwake, Marafa.

Na kwa vile mmekuja kwetu, ongezeni hili kwenye safari. Magarini ndiko alikozikwa Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kumpinga Mwingereza, pale Bungale. Wengi wanajua sanamu na picha, hawajui kaburi. Mwingereza alimkamata 1913 akampeleka mpaka Kisii, akatoroka, akarudi pwani kwa miguu. Na mwaka 1914 walitaka Wagiriama wote waliokuwa wakilima ng'ambo hii ya Sabaki wahamishwe kusini ya mto. Kwa hiyo mkivuka lile daraja na kusimama kuangalia ndege, jueni huo mto ulikuwa mpaka wa vita.

Salma_Shela

Mwenyezi Mungu amrehemu hawe wako. Hii ya kikongwe sijawahi kuisikia.

Mtoro_wa_Mambrui

Naandika kutoka Marekani, huku ni saa tisa usiku na sina usingizi kwa ajili ya uzi huu.

BabaZuena kisa chako ni changu, ila changu kimenigharimu zaidi. Mwaka jana wenzangu wa kazini walinichukua mpaka Bryce Canyon, jimbo la Utah. Hiyo ni hifadhi ya taifa tangu 1928. Kuna barabara ya kutazamia, kama kilomita 29 kutoka mwanzo mpaka mwisho, inapanda juu ya ukingo wa uwanda, kila mahali pana maegesho ya kusimama na kuchungulia. Mwisho wake, Rainbow Point, uko zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, mtoto wa pwani kama mimi kifua kinabana. Kisha tukashuka kwa miguu njia moja fupi iitwayo Navajo Loop, kona juu ya kona, kuta za rangi ya chungwa pande mbili, minara maelfu.

Nikasimama kule chini nikawa napiga picha kama mwehu. Usiku nikamtumia mama Mambrui. Akanijibu kwa sauti: "Hii si Marafa? Umerudi lini?"

Jamani. Nimezaliwa Mambrui. Marafa naweza kwenda kwa baiskeli. Nimekuja kulipa tiketi ya ndege na hoteli kuona kilichokuwa nyuma ya nyumba yetu.

Swali kwa Mwalimu: mtumishi wa hifadhi alisema pale kazi inafanywa na barafu, maji yanaingia kwenye nyufa mchana, usiku yanaganda, yanatanuka, yanapasua mwamba. Marafa hatuna barafu ila ya kwenye duka la soda. Inakuwaje zinafanana?

Mwalimu_wa_Ramani

@Mtoro_wa_Mambrui mama yako kanifurahisha. Jibu: Bryce mwamba wenyewe sehemu kubwa ni wa chokaa, mgumu kuliko mchanga wetu, ndiyo maana inahitajika barafu kuupasua, na kule karibu nusu ya mwaka usiku huganda na mchana huyeyuka. Kwetu mchanga ni laini, mvua peke yake inatosha. Kofia ngumu juu, kilicho laini chini: kanuni moja, seremala wawili.

Ukirudi likizo usipitie njia moja kwenda na kurudi. Nenda kwa Magarini, rudi kwa kushukia barabara ya Lamu upande wa Gongoni, uone mashamba ya chumvi, halafu kwenu Mambrui. Na ukiwa na nafasi ingia Ngomeni. Jukwaa la Waitaliano la kurushia roketi liko pale baharini. Desemba 12, 1970 walirusha setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kuchunguza miale ya eksirei angani, na kwa sababu siku ilikuwa sikukuu yetu wakaiita Uhuru. Wanafunzi wangu wakisikia hilo huniambia mwalimu unatudanganya.

MwanaAmu

Mimi natoka Amu na basi, Mokowe, Witu, Garsen, nateremka huko kwenu mwezi ujao. Nikishuka Gongoni ntapata boda ya kunipeka Marafa? Ndia yenyewe ikoje?

KijanaNdaraNne

@MwanaAmu "ndia" hahaha. Utapata boda. Patana bei kabla hujapanda, na umwambie akungoje, ulipe nusu kwenda nusu kurudi. Ukimwachia aende, jioni utalala na mbuzi wa Mwalimu.

MwanaAmu

Ndia ni ndia, kaka. Nyinyi ndio mumeiharibu. Ntabeba na mai yangu.

Baharia_Mstaafu

Neno moja la tahadhari kwa sababu mnazungumza kama ni uwanja wa mpira. Mawingu yakiwa mazito msishuke. Hell's Gate ya Naivasha, Septemba 2019, maji yalikuja ghafla kwenye korongo na watu 7 wakafa. Marafa si korongo la namna ile, halina mto wa kukuletea mvua ya mbali, lakini mchanga ukilowa unateleza na kuta zinaporomoka. Mtembezaji akisema leo hapana, mpe asante na ukae juu.

Na mchana wa saa sita, saa saba, msishuke pia. Niliwahi kushuka saa saba kwa ubishi. Nilipandishwa kama gunia.

Kadzo_wa_Nyari

@Baharia_Mstaafu umesema kweli tupu. Sisi wenyewe saa saba tuko kivulini. Wanaoshuka saa hizo ni wageni wenye ratiba za hoteli, wanaotaka wawe wamerudi kwa chakula cha mchana. Hao huona bonde jeupe lisilo na rangi, wanatukadiria nyota tatu.

Salma_Shela

BabaZuena hujatuambia, insha imekuwaje? Mwalimu alisemaje?

BabaZuena

Insha aliiandika kurasa tatu. Inaanza hivi: "Baba yangu alisema kuna mawe. Nilikwenda, na hakuna hata moja." Kisha maelezo mazuri tu, rangi kwa rangi, na hadithi ya maziwa yote, siagi ndani. Mwalimu wake akapiga mstari chini ya siagi akaandika: "Chanzo?"

@Kadzo_wa_Nyari naomba ruhusa, Zuena anataka kuandika upya na aweke ya kikongwe. Anauliza hawe alikuwa anaitwa nani. Kama hutaki jina litajwe, aandike tu bibi wa Marafa.

Kadzo_wa_Nyari

Aandike bibi wa Marafa. Angependa hivyo. Na mlete, nimpeleke ukingo wa upande wetu, ambako hakuna kibanda, jua linazama mbele yako kabisa. Lakini hapo hatupigi kelele. Hawe alikuwa anakataza kupayuka pale jioni, mpaka leo sisi tunashusha sauti tu bila kuulizana sababu.

BabaZuena

Ahsante dada. Basi Jumamosi ijayo twaja tena. Tunaondoka Malindi saa nane kamili, si saa nane ya pwani. Mama yake @Salma_Shela atakaa mbele, Salma na Zuena nyuma, nafasi ya mmoja imebaki. Petroli tunachanga.

Mtoro_wa_Mambrui

Ningekuwa karibu ningeikimbilia hiyo nafasi. Ila mzee, spea je?

BabaZuena

Spea ina upepo. Nimeikagua leo mara mbili. Na nimenunua raba.